Motokaa Iendayo na Motokaa Isimamayo: Somo kwa Vijana Waendeshaji



Siku hizi vijana wengi wa kwetu wamepata motokaa. Zamani mtu mwenye motokaa alijulikana katika tarafa nzima. Leo kijana aliyefanya kazi miaka michache aweza kununua gari dogo lililokwisha kutumika Japani, likashushwa bandarini Dar es Salaam, naye akaliendesha mpaka Moshi au Arusha. Jambo hili ni jema. Motokaa humfikisha mgonjwa hospitalini, hupeleka ndizi sokoni, tena humwezesha mtu kufanya kazi mbali na kurudi jioni kwa wazazi wake. Lakini pamoja na motokaa umekuja mtego, nao ndio nitakaoueleza katika somo hili. Mtego wenyewe ni tamaa ya kuiongezea motokaa nguvu na mbio kwa fedha kidogo.

Mwaka jana mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alinijia nyumbani jioni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Za kazi?"

"Nzuri, mjomba. Nimekuja kukuonyesha neno."

Motokaa yake alikuwa ameiegesha chini ya mparachichi: Toyota IST ndogo, yenye injini ya lita 1.3. Akatoa simu yake akanisomea orodha. Fundi mmoja wa mjini alikuwa amemwahidi kuigeuza motokaa ile kwa shilingi 450,000. Atatia kijisanduku cha kuamsha kompyuta ya injini. Ataondoa chujio la hewa la zamani na kutia jingine lililo wazi. Atakata bomba la moshi na kutoa masega yake. Kisha atakata springi ili gari lishuke chini kama ya mashindano.

"Mjomba," akasema, "itaruka kama ndege."

Nikamwuliza, "Na ikiisha kuruka, itatua wapi?"

Akacheka, lakini hakujibu. Basi tukaketi, tukayachungua maneno yale manne moja moja, kama tutakavyofanya hapa.

Neno la kwanza: kijisanduku

Kijisanduku hiki huchomekwa katika tundu lililo chini ya usukani, ambalo fundi hulitumia kuunganisha kifaa chake na kusoma hitilafu za injini. Wauzaji husema ya kuwa kijisanduku hujifunza desturi za dereva, kisha hubadili maagizo ya kompyuta, hata petroli ikapungua na nguvu ikaongezeka kwa pamoja. Lakini watu waliovifungua vijisanduku vya bei ndogo wamekuta mara nyingi ndani yake vitaa vichache na kipande kidogo cha kuviwasha, pasipo kitu kiwezacho kusema na kompyuta ya injini. Vitaa vyametameta, mwenye gari afurahi, nayo injini haina habari.

Hila hii si mpya. Tangu shida ya mafuta ya miaka ya 1970, idara ya serikali ya Marekani ya kulinda mazingira, iitwayo EPA, imevichunguza vifaa zaidi ya 100 vilivyosifiwa kuwa vyapunguza matumizi ya petroli. Viko vya sumaku, viko vya kutiwa tangini, viko vya kuchanganya hewa. Haikuonekana hata kimoja kilichopunguza petroli kwa kiasi kikubwa, tena vingine vyaweza kuidhuru injini. Wazee wetu walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Kama kijisanduku cha bei ya kuku wawili kingekuwa na uwezo huo, wenye viwanda vya magari, ambao hushindana usiku na mchana kupunguza petroli, wangekitia wenyewe kiwandani.

Neno la pili: chujio la hewa

Injini huvuta hewa, huichanganya na petroli, kisha huiunguza. Hewa ya baridi ni nzito kuliko hewa ya moto. Ikiongezeka joto kwa nyuzi 10, uzito wake hupungua kama sehemu 3 katika 100, na nguvu ya injini hupungua pamoja nao. Kwa sababu hiyo waliotengeneza motokaa waliweka chujio ndani ya kasha, na mdomo wa kasha wakauelekeza mahali penye hewa ya baridi. Fundi akiliondoa kasha na kuliacha chujio wazi juu ya injini, mara nyingi chujio lile huvuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na injini yenyewe. Dereva husikia mvumo wa hewa, naye hudhani ya kuwa mvumo ni nguvu.

Tena yatupasa kukumbuka vumbi letu. Chujio baya huliachilia vumbi kuingia ndani, nalo husugua pistoni na silinda kama msasa. Mwenye kuona injini yake ni nzito, na alitazame kwanza chujio la kawaida. Huenda limejaa vumbi. Jipya la namna ile ile lamtosha.

Na tusisahau mlima. Injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu yake kwa kila mita 1000 tupandazo, maana hewa ya juu ni nyepesi. Kijana wa mlimani aweza kuisingizia injini yake kwamba imechoka, kumbe ni kimo cha nchi.

Neno la tatu: bomba la moshi na masega

Bomba likikatwa, gari hunguruma, na watu hugeuka kutazama. Lakini debe tupu haliachi kuvuma. Injini ya IST ya lita 1.3 ina nguvu za farasi zipatazo 87. Hata tukikubali kwamba bomba lililokatwa limemwongezea kijana nguvu za farasi 2 au 3, hatazisikia miguuni pake. Atasikia kelele tu, na jirani mwenye mtoto mchanga ataisikia zaidi.

Masega ni kitu kingine. Ndani yake mna madini ya thamani, yaani platinamu, paladiamu na rodiamu, nayo kazi yao ni kuugeuza moshi wenye sumu uwe na madhara machache. Fundi akikuambia atakutolea masega bure, jiulize ni nani kati yenu anayemlipa mwenzake. Moshi wa petroli una hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Bomba likiisha kukatwa na kuungwa vibaya, laweza kuvuja chini ya sakafu ya gari. Siku ya mvua madirisha hufungwa; kichwa huanza kuuma, usingizi huja, na mtu aweza kufa pasipo kujua kilichomwua.

Liko na jambo la tatu. Masega yakiisha kutolewa, taa ya injini katika dashibodi huwaka isizime, kwa sababu sensa iliyo nyuma ya masega huona kwamba hayapo. Kijana huizoea taa ile. Hata siku injini ipatapo ugonjwa wa kweli, taa itakuwa imewaka vile vile, naye hatajua.

Neno la nne: springi

Hili ndilo lililonitisha kuliko yote. Springi, shokapu na matairi vilipimwa pamoja ili gurudumu likae barabarani daima. Springi ikikatwa huwa fupi na ngumu. Gari likiingia shimoni, springi fupi yaweza kuondoka mahali pake; gari likipita tuta hugonga chini; na shokapu, ambayo haikutengenezwa kwa springi ya namna ile, huharibika upesi. Gurudumu likirukaruka halishiki barabara, na gurudumu lisiloshika barabara haliwezi kukata kona wala kusimama.

Wako na wale wafanyao kinyume, watiao spesa ili gari liinuke na kupita njia mbaya. Shida yao twaielewa, kwa maana njia zetu ni mbaya kweli. Hata hivyo na wajue ya kuwa gari lililoinuliwa hupinduka kwa urahisi zaidi, na shafti zipelekazo nguvu magurudumuni hukaa upande zikachakaa mapema. Aliyekwisha kutia spesa na apunguze mwendo wake katika kona.

Hesabu ya kusimama

Baada ya maneno hayo nilichukua karatasi, nikampa mpwa wangu hesabu moja, nami naomba kila kijana aifanye kwa mkono wake.

Motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu uliowekwa na sheria kwa sehemu za makazi hapa Tanzania, hupita mita 14 kwa sekunde moja. Dereva aliye macho, akiona mtoto au mbuzi, hutumia kama sekunde moja kabla mguu wake haujaikanyaga breki. Basi mita 14 zimekwisha kupita. Kisha breki nzuri na matairi mazuri, katika lami kavu, huhitaji mita nyingine 14 hivi. Jumla ni mita 28.

Sasa ongeza mwendo uwe kilomita 100. Wengi hudhani umbali utakuwa mara mbili. Sivyo. Ile sekunde moja hula mita 28. Na breki huhitaji mita 56, maana mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa breki huwa mara nne. Jumla ni mita 84. Lami ikilowa, au matairi yakiwa yamekwisha, umbali huo huzidi sana.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilieleza ya kuwa ajali za barabarani huua watu karibu milioni 1.19 kila mwaka duniani, na ya kuwa kwa watoto na vijana wa miaka 5 hata 29 hakuna jambo liwauao kuliko hilo. Tena zaidi ya nusu ya wafao ni watembeao kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Hao hawakukata springi wala hawakununua kijisanduku. Walikuwa wakipita njia tu.

Tulichokiona chini ya mparachichi

Hesabu ilipokwisha, mpwa wangu alinyamaza. Nikachukua tochi, tukaenda kuitazama motokaa. Nikamwonyesha ubavuni mwa tairi herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne: 1411. Tarakimu mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lile lilitengenezwa katika juma la 14 la mwaka 2011. Watengenezaji wengi wa matairi hushauri yasitumike kupita miaka 10, hata kama meno yangalipo, kwa sababu mpira hukauka na kupasuka. Na lile lilikuwa na nyufa nyembamba pande zote.

Kisha tukafungua boneti, tukatazama mafuta ya breki. Yalikuwa meusi kama kahawa.

Nikamwuliza, "Uliposhuka kutoka Marangu mpaka Himo juzi, hukusikia neno lolote?"

Akasita. Kisha akasema, "Mjomba, nilisikia harufu ya kuungua, na pedali ikawa laini. Nikadhani ni joto la siku."

Wasomaji, hapo moyo wangu ulishtuka. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani mwaka kwa mwaka. Mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205. Yakiisha kunyonya maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Dereva akikanyaga breki mfululizo katika mteremko mrefu, breki hupata moto, mafuta huchemka na kutoa mvuke, na mvuke hauna nguvu ya kusukuma. Pedali hushuka mpaka sakafuni na gari halisimami. Kwa sababu hiyo mafuta hayo hubadilishwa kila miaka miwili au kama kitabu cha gari kisemavyo, na katika mteremko dereva hutumia gia ndogo ili injini nayo imsaidie kuzuia. Kijana wetu alikuwa akitaka kununua mbio, naye hana breki za kumfikisha Himo.

Utaratibu wa kutumia fedha

Sikumkataza kuipenda motokaa yake. Kijana kupenda mtambo si kosa. Mafundi hodari wote walianza hivyo. Nilimpa utaratibu tu, nao ndio huu.

Kwanza matairi na breki: matairi yasiyozeeka, yenye upepo uliopimwa, na mafuta safi ya breki pamoja na pedi nzima. Ukiwa na fedha za matairi mawili tu, mapya hutiwa nyuma, maana matairi ya nyuma yakiteleza gari huzunguka.

Pili springi, shokapu, bushi na usukani, kama kiwanda kilivyoviagiza.

Tatu afya ya injini: oili halisi iliyobadilishwa kwa wakati, chujio safi, plagi nzuri, maji ya rejeta. Injini iliyochoka ikitunzwa hivi hurudishiwa nguvu yake yenyewe, na nguvu hiyo ni nyingi kuliko ile ya kijisanduku. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nne, kama baada ya hayo bado wataka nguvu zaidi, basi tafuta fundi apimaye nguvu kwa mtambo kabla na baada ya kazi, akuonyeshe tarakimu. Kazi ya namna hiyo haina bei rahisi. Tena iarifu kampuni ya bima kabla ya kubadili neno. Asiyeiarifu aweza kukataliwa malipo siku ya ajali.

Wengine husema, "Mbona magari ya mashindano hufanywa hivyo?" Ni kweli, twayaona katika Safari Rally ya Kenya, iliyoanza mwaka 1953 na kurudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021. Lakini tazama vizuri. Gari la mashindano limefungwa vyuma ndani ili lisibondeke, dereva amevaa kofia ngumu na mikanda, breki na shokapu zake zimebadilishwa pamoja na injini, na njia imefungwa watu wasipite. Kijana aigaye kelele zake tu ameiga sehemu iliyo ndogo kuliko zote.

Mwisho wa habari

Mpwa wangu alikuwa na neno moja zito, nami sitalificha. Alisema, "Mjomba, wenzangu wote wamekwisha kufanya. Nikija na matairi mapya hakuna atakayeyaona. Watanicheka." Ndivyo ilivyo. Kelele husikika mtaa mzima. Breki nzuri haionekani na mtu ye yote mpaka siku ile moja. Wazee wasiwadharau vijana kwa sababu ya aibu hii, maana hata sisi tulikuwa na zetu. Afadhali tukae nao, tutazame motokaa pamoja, kuliko kuwafokea kwa mbali.

Alinunua matairi mawili mwezi ule, akabadili mafuta ya breki na pedi. Mwezi uliofuata akanunua mawili mengine, na katikati hakushuka mlima na motokaa ile, alipanda basi. Springi hakuzikata. Alipokwenda tena Marangu alinipigia simu kutoka Himo, akasema, "Mjomba, pedali ni ngumu kama jiwe." Juu ya bomba la moshi bado ananung'unika, nami namwambia tutazungumza. Mwenda pole hajikwai.

Maswali kwa wasomao pamoja

1. Tafuta tarakimu nne za tairi la motokaa iliyo karibu nawe. Lilitengenezwa lini?

2. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini mwendo ukiwa mara mbili umbali wa breki huwa mara nne, wala si mara mbili.

3. Mtu akikuuzia kifaa kiongezacho nguvu na kupunguza petroli kwa pamoja, utamwuliza maswali gani kabla ya kutoa fedha?

4. Kijana aogopaye kuchekwa na wenzake, wewe uliye mkubwa wake utamsaidiaje pasipo kumwaibisha?